Mteja wa Kweli, Alama za Julai

Mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho, kabla ya kuvaa joho, hutakiwa kutengeneza mfumo na kuutetea mbele ya jopo. Kwa miaka mingi mifumo hiyo ilikuwa ya kufikirika: maktaba isiyo na msomaji, hospitali isiyo na mgonjwa, hoteli ambayo vyumba vyote vimepangwa na mgeni mmoja aitwaye Juma Juma. Siku hizi wahadhiri wengi wanawaambia vijana watoke getini wakatafute mteja wa kweli: zahanati, duka la dawa, shule ya msingi, kikundi cha kuweka na kukopa.

Nimewakalisha watu wanne walijadili jambo hili. Ni wahusika wa kubuni, ndiyo maana wana kazi bila majina, lakini hoja zao ni zile zinazosikika kila msimu wa miradi kwenye korido za vyuo vya Dar es Salaam. Yupo Mhadhiri anayesimamia miradi. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa tatu. Fundi, mhitimu wa siku nyingi anayejitegemea kwa kuandika programu. Na Mama, mweka hazina wa VICOBA moja ya Mbagala. Mimi nitawaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MHADHIRI: Nianze kwa kusema nimechoka na mifumo ya maktaba. Mradi uleule unarudi kwangu mwaka baada ya mwaka, umebadilishwa rangi na jina la jalada. Na wote tunajua wapo watu wanaouza miradi. Mwanafunzi analipa, anapewa msimbo pamoja na ripoti yake, anakariri usiku kucha, kesho yake anatetea. Lakini kikundi cha Mama huyu utakinunua wapi? Kanuni zao hazipo mtandaoni. Lazima ukakae nao mkekani.

MWANAFUNZI: Na kweli tulikaa, Dokta. Mimi nilidhani ni jedwali la wanachama na jedwali la michango, wiki mbili kazi imekwisha. Siku ya kwanza tu Mama akanionyesha sanduku.

MAMA: Sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu tofauti, na mimi mweka hazina sina hata mmoja. Fedha haihesabiwi mtu akiwa peke yake. Inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, kila mtu asikie. Sasa huyu mwanangu akaja na kompyuta yake, akaniambia, "Mama, wewe ndiye msimamizi mkuu, hii hapa namba yako ya siri, unaweza kuingia na kubadilisha chochote." Nikamuuliza: funguo nyingine mbili ziko wapi?

Hapa naingilia. Mtindo huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na VICOBA zetu ni za ukoo huo. Ulinzi wake haukujengwa juu ya uaminifu wa mtu mmoja. Umejengwa juu ya ukweli kwamba mmoja peke yake hawezi kitu. Halafu anakuja kijana mwenye nia njema kabisa, na kwa sababu kila somo la programu alilowahi kufuata linaanza na msimamizi mmoja mwenye uwezo wote, anawanyang'anya akina mama ulinzi waliokuwa nao tangu mwanzo. Mfumo ungewaka vizuri na kikundi kingekuwa hatarini kuliko jana. Sijui mhadhara gani darasani ungeweza kufundisha hilo kwa swali fupi namna ile.

MWANAFUNZI: Ilibidi nivunje nusu ya kazi. Sasa muamala hauingii mpaka wanachama wengine wawili wauthibitishe kwa simu zao. Na kitufe cha kufuta nimekiondoa. Mtu akikosea anaandika mstari mpya wa masahihisho, kama wanavyofanya kwenye daftari.

MAMA: Mwambie na ile ya saa.

MWANAFUNZI: Mama naye! Haya. Kikundi kina faini ya kuchelewa. Kikao kinaanza saa kumi, nami nikaandika kumi. Jumamosi ya kwanza mfumo ukawatoza faini wanachama wote. Mama, aliyekuwa wa kwanza kufika, akaonekana amechelewa kwa saa sita kasorobo.

MAMA: Nilikuwa nimewahi kwa robo saa. Nikasema mashine hii ina njaa.

MHADHIRI: Mnaona? Jopo letu lisingeligundua hilo. Tungejaribu kuingia, kutoka, kuongeza mwanachama, kisha tungempa alama zake nzuri. Kosa la aina hiyo linaonekana Mbagala, saa kumi jioni, halionekani chumba cha mitihani. Ndiyo maana nasema mteja wa kweli ni nusu ya elimu yenyewe.

FUNDI: Shikamoo Dokta, shikamoo Mama. Hadithi ni tamu, ila mimi nina swali moja kwa huyu dogo. Huo mfumo leo uko wapi?

MWANAFUNZI: Ulikuwa kwenye seva ya bure, sasa muda wa bure ulikwisha...

FUNDI: Ulikuwa.

MWANAFUNZI: Kaka, nilikuwa na mitihani, na mwenzangu aliyeshika upande wa seva yuko kwao Bukoba.

FUNDI: Simlaumu dogo hata kidogo, nami nilipita hapohapo. Ila mnijue: mimi ndiye ninayepigiwa simu baada ya ninyi kupeana mikono na kupiga picha. Duka la dawa linaniambia mfumo umegoma. Nauliza nani aliutengeneza, naambiwa vijana wa chuo, walikuja wanne, wazuri sana, wameshahitimu. Naomba msimbo, ulikuwa kwenye laptopu ya mmoja wao, nayo ameiuza. Anwani ya tovuti imesajiliwa kwa barua pepe ya mtu asiyepatikana. Nikibahatika kuukuta msimbo, umewekwa wazi GitHub pamoja na neno la siri la kanzidata, dunia nzima inasoma. Nafungua jedwali la wateja, namba zote za simu zimekosa sifuri ya mwanzo kwa sababu mtu alizihifadhi kama namba za kujumlishwa. Na mwenye duka alishatupa daftari lake! Alikuwa na kitu kinachofanya kazi, akakitupa kwa sababu aliletewa cha bure.

MHADHIRI: Kwa hiyo tuwafungie wanafunzi ndani?

FUNDI: Sijafika huko. Cha bure chenyewe ndicho kina matatizo yake. Nikimwambia mwenye shule bei yangu ya mfumo wa ada, ananijibu, "Mwaka jana vijana walitufanyia bila hela." Haoni kwamba wa mwaka jana umekufa na ndiyo maana ameniita. Na wapo wateja wajanja. Kampuni yenye ofisi ya viyoyozi, yenye uwezo wa kuajiri, inachukua kundi la wanafunzi kila mwaka, inawafanyisha kazi miezi mitano kwa nauli na barua ya shukrani. Mnaita mafunzo. Mimi naita kibarua bila ujira.

Hapo Fundi amegusa palipo na donda, na mara nyingi watu wa vyuo huliruka. VICOBA ya Mbagala isingeweza kumlipa Fundi. Mwanafunzi hajamwibia mtu riziki pale. Kampuni yenye uwezo ni habari nyingine. Chuo kinapaswa kuwa na ujasiri wa kuiambia ilipe, au iende kwa mafundi. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

La umiliki ndilo gumu zaidi. Kenya, kwa miaka mingi, umezunguka uvumi kwamba wazo la M-Pesa aliibiwa mwanafunzi wa chuo. Safaricom imeukanusha, na historia inayojulikana ni nyingine: mradi ulianzia ndani ya Vodafone ukichangiwa fedha za serikali ya Uingereza, majina ya Nick Hughes na Susie Lonie ndiyo yanayotajwa, na huduma ikazinduliwa Machi 2007. Lakini uvumi haufi. Haufi kwa sababu wasikilizaji wake wengi wanamjua kijana fulani aliyefanya kazi kwa ajili ya mtu mkubwa na hakubaki na karatasi yoyote. Hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, lakini sheria hailazimishi kundi la wanafunzi kukaa na mteja siku ya kwanza na kuandika ukurasa mmoja: msimbo ni wa nani, jina la nani linabaki, nani anaruhusiwa kuuuza. Nimewauliza wote wanne kama ukurasa huo ulikuwepo.

MWANAFUNZI: Tulikuwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni.

MAMA: Mimi nilisaini ile fomu ya kwamba walikuja.

FUNDI: Ndiyo kawaida.

MHADHIRI: Nakubali, hapo tuna upungufu. Lakini msiuone kama ugonjwa usio na dawa. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, wakatembea vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaiweka Tandale kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Mwaka 2015 ukaja Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakipima mitaro, njia na nyumba katika kata zinazofurika mvua zikinyesha. Ile haikuwa kazi ya kufikirika. Mteja alikuwa mtu ambaye maji yanaingia chumbani kwake. Na kazi haikufa wanafunzi walipohitimu.

FUNDI: Haikufa kwa sababu gani, Dokta? Ramani iliingizwa kwenye OpenStreetMap, nyumba ambayo ilikuwapo kabla ya wanafunzi na imebaki baada yao. Kulikuwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kulikuwa na Benki ya Dunia, kulikuwa na Msalaba Mwekundu. Hakuna mwanafunzi aliyeondoka na Tandale kwenye laptopu yake. Umenipa hoja yangu mwenyewe.

MHADHIRI: Basi chukua na ya Eldoret. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana wakishirikiana kutibu wagonjwa wa VVU magharibi mwa Kenya, kumbukumbu zikawa nyingi kuliko mafaili. Leo ni mfumo unaotumika nchi nyingi, na tangu mwaka 2007 umekuwa ukipokea wanafunzi kupitia mpango wa Google wa kiangazi.

FUNDI: Unawapokea vipi? Mwanafunzi hapewi hospitali akaambiwa, "Haya, anza." Anapewa kasoro ndogo ndani ya mfumo uliopo. Anairekebisha, watu wazima wanasoma mstari kwa mstari, wanamrudishia, anarekebisha tena. Mgonjwa hamwoni kabisa mpaka kazi imepita mikono mingi. Huyo dogo wetu yeye alipewa madeni ya akina mama thelathini bila mtu kusoma msimbo wake.

MAMA: Madeni gani yalitoka nje?

(Kimya kidogo. Wanaume watatu wanaangaliana.)

MWANAFUNZI: Hayajatoka, Mama. Yapo tu kwenye mashine yangu. Nilinakili daftari lote ili nijaribu mfumo.

MAMA: Daftari lote? Na jina la nani anadaiwa, na nani alikopa kumficha mumewe?

Mama hana haja ya kunukuu sheria, lakini sheria ipo upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na imeunda Tume ya kuisimamia. Kenya walitangulia na yao mwaka 2019. Jina, simu na deni la mtu ni taarifa zake, na anayezikusanya anapaswa kuwa na sababu na kuzilinda. Neno "mwanafunzi" halimwondoi mtu kwenye wajibu huo. Kinachonisikitisha ni wepesi wa suluhisho lake: wanachama thelathini wa kubuni, wenye madeni ya kubuni, wangetosha kabisa kujaribia mfumo. Yule Juma Juma wa hotelini tuliyemcheka hapo juu, hapa ndipo alipokuwa anahitajika.

MWANAFUNZI: Nitafuta leo hii, Mama. Nisamehe.

MAMA: Ufute nikiona.

MHADHIRI: Nami naongeza jambo kwenye mwongozo wa miradi: data za mteja hazitoki kwa mteja. Lakini Fundi, nikubali unachosema chote, bado nina wanafunzi wengi na wasimamizi wachache. Sina watu wazima wa kusoma kila mstari. Nikisema kila kundi lipate mkaguzi, miradi ya nje itakwisha kabisa, tutarudi maktaba.

FUNDI: Punguza wateja. Wanafunzi hawapungui, wateja wapungue. Kwa nini makundi hamsini yawe na mifumo hamsini? Chuo kiwe na wateja watano wa kudumu. Mkataba uwe kati ya mteja na chuo, seva iwe ya chuo, msimbo ukae chuoni. Mwaka huu kundi linajenga mikopo, mwakani kundi jingine linarithi, linarekebisha kasoro, linaongeza mgao. Mwaka wa tatu wengine wanahamishia simu za kitochi zisizo na intaneti. Kazini maisha ndivyo yalivyo. Tangu nihitimu, ni mara chache nimeandika mfumo kuanzia sifuri. Kila siku nafungua msimbo wa mtu nisiyemjua na kujiuliza alikuwa anawaza nini.

MWANAFUNZI: Sasa kaka, mimi kwenye wasifu wangu niandike nini? "Nilirekebisha kasoro saba kwenye mfumo wa watu wengine"?

FUNDI: Ukija kuomba kazi kwangu na sentensi hiyo, nakupa kiti.

MWANAFUNZI: Wewe. Lakini mwajiri mwingine anataka kuona kitu nilichotengeneza mimi.

MHADHIRI: Na kanuni za mtihani zinadai kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Akirithi ya mwenzake, mtahini wa nje atauliza, "Ya kwake ni ipi?"

Jibu la swali hilo lipo, na chuo kinalijua. Mfumo wa kuhifadhi matoleo ya msimbo huonyesha nani aliandika mstari upi, siku gani, na alibadilisha nini. Ni rahisi zaidi kumpima kijana aliyerithi kuliko kumpima aliyekuja na mfumo mzima wenye asili isiyojulikana, kwa sababu wa kwanza ana mahali alipoanzia panapoonekana. Tatizo ni mazoea. Jopo linapenda kitu kipya chenye jina jipya kwenye jalada, na mwanafunzi analijua jopo lake. Ukitoa alama kwa upya, utaletewa upya, na duka la dawa litabaki bila mfumo wala daftari.

MAMA: Ninyi mnaongea kanuni zenu, nami niseme yangu. Huyu mtoto alipata alama zake mwezi wa saba. Sawa?

MWANAFUNZI: Ndiyo, Julai.

MAMA: Sisi tunavunja kikundi Desemba. Mwaka mzima tunaweka hisa, tunakopeshana, tunalipa riba, lakini siku yenyewe ni ile ya mgao. Siku hiyo ndiyo watu wanagombana. Fulani hisa zake zilikuwa ngapi, faini ya fulani ilisamehewa au haikusamehewa, marehemu mgao wake apewe nani. Huo mfumo wenu mmeutolea alama kabla haujafika siku ambayo tuliuhitaji. Desemba ilipofika, nani alikuwepo?

Hakuna aliyejibu haraka. Mama ameweka kidole mahali ambapo mimi, kwa kusikiliza mabishano ya vyuo tu, nisingefika: kalenda mbili zisizokutana. Chuo kinafunga hesabu zake katikati ya mwaka. Duka linahesabu mali mwisho wa mwaka. Shule ina foleni ya ada Januari. Kikundi kina mgao wake Desemba. Mfumo unapewa alama ukiwa haujaona siku yake ngumu, na unapofika kwenye siku hiyo, waliouandika wameshatawanyika kutafuta ajira. Wakizungumza juu ya miradi kufa, watu hutaja seva za bure na uzembe wa vijana. Mimi naiweka kalenda mbele ya vyote viwili, na kalenda haiwezi kurekebishwa na mwanafunzi.

MHADHIRI: Siwezi kuzuia matokeo mpaka Desemba, Mama. Mtoto anahitaji cheti.

MAMA: Sijasema umnyime cheti.

FUNDI: Geuza basi, Dokta. Kundi lianze Desemba. Waje kwenye mgao na daftari lao, wasiguse kompyuta, wakae nyuma waangalie ugomvi unaanzia wapi. Wajenge kuanzia Januari, wapewe alama Julai kwa kile walichojenga. Desemba inayofuata wanakuja wadogo zao kuangalia mgao, safari hii mfumo ukiwa pembeni ya daftari. Hitilafu zitakazoonekana siku hiyo ndizo kazi ya mwaka wao.

MWANAFUNZI: Na sisi tuliohitimu?

FUNDI: Mtaitwa kueleza mlikuwa mnawaza nini. Utaona utamu wake.

MHADHIRI: Hilo naweza kulipeleka kwenye idara. Sitaahidi zaidi ya hapo. Kwa wateja watano, si hamsini.

MAMA: Na daftari?

FUNDI: Daftari liendelee, Mama. Usilitupe hata mfumo ukikubaliana nalo mwaka mzima.

MAMA: Hapo tumeelewana. Sasa tuje kwenye huo mkataba aliousema Fundi. Ujumbe wa simu unaokwenda kwa wanachama watatu kila muamala ukiingia, nani analipia?

MHADHIRI: Kwa kawaida mwanafunzi huweka vocha yake...

MAMA: Hapana. Andika kikundi. Tuna mfuko wa jamii, tutakaa tupitishe. Kitu nikikilipia, nina haki ya kukuita kikiharibika.